Sanduku la Posta la Shule

Katika miaka niliyokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, hapakuwa na jambo lililompa mtoto wa kijijini fahari kubwa kuliko kuliona jina lake limepigwa chapa gazetini, na njia nyepesi kuliko zote ya kuipata fahari hiyo ilikuwa safu ya marafiki wa kalamu, ambamo kila aliyetaka kuandikiana barua na wenzake wa mbali alitangazwa kwa jina lake kamili, umri wake, anwani yake, na mambo ayapendayo, ambayo aghalabu yalikuwa kusoma vitabu, kucheza mpira na kubadilishana mawazo. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka safu hiyo. Leo, nikiwa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka kadhaa amewasaidia watoto wa Kaniha kuyafikisha maandishi yao mbele ya macho ya watu, nastaajabu ninapoona kwamba tangazo lile dogo lilikusanya katika mistari michache kila kitu ambacho nawasihi watoto hao wasikitoe katika intaneti; na hata hivyo sikumbuki katika shule yetu mtoto aliyedhurika kwa ajili yake.

Sababu yake naiona katika anwani. Hapana mtoto wa kijijini aliyekuwa na sanduku lake la posta. Sote tuliandika sanduku la shule, na ufunguo wa sanduku hilo alikuwa nao mwalimu mkuu peke yake, ambaye alilifungua kila alipokwenda wilayani kwa shughuli za mishahara, akarudi na barua zetu katika mfuko wa kitambaa. Namwona hata sasa amesimama mbele ya mstari Ijumaa jioni, miwani imemshukia puani, akiita majina, na kabla ya kuitoa barua huigeuza bahasha, hutazama muhuri wa posta na mwandiko, na akishuku kwamba mwandiko ni wa mtu mzima humwuliza mtoto kwa upole, bila ya kumwaibisha mbele ya wenzake, "Huyu ni nani wako?"

Msichana mmoja wa darasa la sita, ambaye nilikaa naye dawati moja, aliletewa barua ya mtu aliyejitambulisha kuwa mwanafunzi wa sekondari, ilhali maneno yake yalimsuta kuwa ni mtu mzima: alimtaka binti yule ampelekee picha yake, na akamwonya asiwaambie wazazi. Mwalimu mkuu alimwita baba wa msichana, wakakaa watatu ofisini, na jibu likaandikwa kwa mkono wa baba, fupi na lenye staha, likatiwa sahihi yake na cheo chake cha balozi wa nyumba kumi. Mambo yakaishia hapo. Lakini linalonikaa moyoni zaidi ni lililofuata, kwa kuwa Ijumaa iliyokuja msichana yule aliitwa tena mstarini na kupewa barua nyingine, ya rafiki yake wa Tabora, kama kawaida. Hakunyang'anywa kalamu. Hakuambiwa kwamba kosa lilikuwa lake kwa kuwa jina lake lilionekana gazetini. Mlango mmoja ulifungwa, na milango mingine ikabaki wazi.

Kati ya mtoto na ulimwengu, basi, palikuwa na vitu viwili ambavyo hatukuvipa thamani yake wakati ule: palikuwa na mtu mzima mwenye dhamana, na palikuwa na muda. Barua ilichukua wiki tatu kufika na wiki tatu kurudi, na katika wiki hizo hasira hupoa, uongo hubainika, na mtoto huwa amekwisha kumsimulia mama yake habari ya rafiki mpya. Simu ya mkononi imeviondoa vyote viwili kwa mara moja. Mtoto akibonyeza, maneno yake yamekwisha kusomwa Dar es Salaam, Muscat na London kabla hajanyanyua macho, na anayemjibu humfikia kiganjani, usiku, chini ya blanketi, pasipo mtu wa kuigeuza bahasha. Kazi ya kuwasaidia watoto wachapishe kwa salama, kwa namna niielewavyo mimi, ni kazi ya kuvirudisha vitu hivyo viwili mahali pake, bila ya kumnyima mtoto sauti yake.

Kaniha ni kata ya wilaya ya Biharamulo, katika nchi ya misitu na mashamba ya mahindi, maharage na mihogo, ambako Wasubi na Wazinza wamechanganyika na Wahangaza waliotoka upande wa Ngara na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Mtu asiyeifahamu huenda akadhani kwamba mambo ya mtandao yako mbali nayo. Haiko hivyo. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Dhahabu ya Tulawaka na ya wachimbaji wadogo imevuta watu wa kila namna wilayani. Na simu janja, hata kama ni moja katika nyumba na kioo chake kimepasuka, imeingia mahali ambapo gazeti halikuwahi kufika. Mtu anayezungumza na mtoto akisema yuko Mwanza anaweza kuwa Nyakanazi siku hiyo hiyo kabla ya jua kuchwa.

Kazi yetu ya Kaniha tuliianza na gazeti la ukutani. Karatasi za manila zilibandikwa katika ukuta wa darasa la saba, na juu yake watoto wakaandika habari za kijiji chao kwa mwandiko wao: bomba la maji lililokufa, ngedere walioingia shambani, vitendawili vya Kisubi walivyovisikia kwa bibi zao na tafsiri zake. Ilipofika Machi 2018, wakati ambapo baadhi ya wazazi walikuwa wameanza kunishauri tuyapeleke maandishi hayo katika blogu, Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni ambayo ada zake zote pamoja zilipita shilingi milioni mbili. Mwezi wa Juni mwaka huo hata JamiiForums, mojawapo ya majukwaa makubwa nchini, lilisimama kwa muda. Kanuni hizo zilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na kanuni mpya mwaka 2020. Mimi naamini ada ile ilikuwa nzito mno kwa watu wadogo, na nilisema hivyo wakati ule. Lakini siwezi kukana kwamba muda tuliobaki ukutani uliwafaa watoto, kwa kuwa walizoea kuandika wakijua kwamba anayeandikwa atapita hapo kesho na kuyasoma.

Baadaye tulipata nafasi katika ukurasa wa taasisi moja iliyokwisha kuwa na kibali chake, na maandishi ya watoto yakaanza kutoka huko. Ndipo likatokea jambo ambalo limeielekeza kazi yetu tangu siku hiyo.

Katika mahafali ya darasa la saba mgeni mmoja, mtu mwema asiye na nia yoyote mbaya, alimpiga picha binti aliyekuwa akisoma shairi lake mbele ya wazazi, akaituma katika makundi yake ya WhatsApp pamoja na jina la mtoto na jina la kijiji, kwa kuwa shairi lilimfurahisha. Picha ilikuwa nzuri. Binti alivaa sweta yenye nembo, na jina la shule lilisomeka wazi kifuani. Haukupita muda mrefu picha ile ikarudi kwetu kwa mkono wa jamaa aliyeko Mwanza, nayo imekatwa kando kando, na chini yake yameandikwa maneno ya kuomba michango: mtoto huyu ni yatima, ana maradhi ya moyo, mwenye huruma atume chochote kwa namba hii. Mama yake, ambaye huuza maandazi gulioni, alikuja kwangu akiwa na simu ya jirani mkononi. "Shikamoo Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaendelea, "mimi niko hai, na mwanangu wamekwisha kumfanya yatima." Tulikwenda kituoni kutoa taarifa; namba ile haikupatikana tena; lakini picha inatembea hadi leo, na hapana mkono wa kuirudisha.

Tukio hilo lilinikumbusha mambo niliyoyaona Ngara nikiwa mwalimu kijana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia yaliyokuwa yakitendeka Rwanda, wakapiga kambi mahali paitwapo Benaco, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi waliopotezana na wazazi wao njiani. Kuwarudisha watoto hao kwa jamaa zao kulihitaji kutangaza. Majina yalisomwa, orodha zilibandikwa, na upande wa pili wa Rwanda, katika kambi za Goma, watoto zaidi ya 20,000 walipigwa picha ili wazazi wapite na kuzitazama. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara, na sauti ikafika kila kambi. Sijapata kuona katika maisha yangu haja ya kuutangaza uso wa mtoto iliyo kubwa kuliko hiyo.

Na hata katika haja hiyo hadhari haikuachwa. Nilimwona karani mmoja wa orodha za watoto hao, msichana asiyezidi miaka ishirini na mitano, akiwa ameketi juu ya sanduku la mbao na daftari limefungwa magotini, mbele yake amesimama mwanamke anayesema kwamba mtoto fulani ni wa dada yake. Karani hakulifungua daftari. Alimwuliza: bibi yake mtoto huyu anaitwaje? Nyumbani kwenu palikuwa na mti gani mlangoni? Mtoto ana kovu, na kama analo, alilipataje? Alipokwisha kumsikiliza aliondoka, akaenda kumwuliza mtoto peke yake maswali yale yale, kisha ndipo akalinganisha. Watu walimnung'unikia kwa kuchelewesha. Yeye hakujali, kwani alijua kwamba wapo waliotaka mtoto wa kuwatumikia, na wapo waliotaka mambo mabaya zaidi. Kilichotangazwa kilikuwa kile tu kilichohitajiwa ili ndugu wa kweli amtambue wake. Yaliyobaki yaliwekwa amana, na amana hiyo ndiyo iliyomlinda mtoto.

Kanuni ya karani yule tumeifanya kuwa yetu. Kabla andiko la mtoto halijatoka, watoto wenyewe, walioketi wanne au watano katika baraza lao la uhariri, hujiuliza ni lipi katika habari hii msomaji analihitaji ili aelewe, na ni lipi lingemfaa tu mtu anayetaka kumfuata mwandishi mpaka nyumbani kwao. Jina la kwanza, au jina la kalamu alilolichagua mtoto, linatosha. Umri tunautaja, shule na kitongoji hatuvitaji pamoja na jina. Picha huonyesha kazi: daftari, mikono inayosuka kikapu, bomba lililokufa, na kama sura ni lazima iwepo hupigwa kundi kutoka mbali, pasipo sare na pasipo ubao wa shule kwa nyuma. Watoto wameyashika mambo haya upesi kuliko walimu, na wana jicho kali. Wao ndio walioniambia kwamba kilima chetu kinatambulika na kila mtu aliyewahi kupita hapa, basi nacho ni anwani.

Habari iliyowachukua muda mrefu kuliko zote iliandikwa na mvulana wa darasa la sita juu ya rafiki yake mwenye ualbino. Ilikuwa nzuri mno. Alieleza jinsi wanavyokwenda shule pamoja kabla jua halijapanda, jinsi anavyomsomea maandishi ya ubaoni kwa sauti ya chini, na jinsi rafiki yake anavyomshinda katika hesabu za sehemu; na ukurasa wa pili alikuwa amechora njia yao, tangu nyumba ya rafiki, kupita kwenye mwembe na kisima, mpaka shuleni. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kulisoma andiko la namna hiyo kama wasomavyo watu wa mahali pengine. Tunajua watu wenye ualbino walivyouawa katika kanda yetu tangu miaka ya 2000, na wala si hadithi ya zamani, maana Mei 2024, katika mkoa wetu huu huu wa Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao wilayani Muleba, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo. Mchoro ule wa njia, uliochorwa kwa mapenzi, ungekuwa ramani mkononi mwa muuaji.

Baraza la watoto lilibishana. Mmoja alitaka habari iachwe kabisa. Binti mmoja akasema kwamba ikiachwa, basi tumemficha mwenzetu kana kwamba ndiye aliyekosa. Nilinyamaza nikawasikiliza, kwa kuwa maneno yao yalikuwa na uzito. Mwishoni waliamua kumwuliza mwenyewe na kumwuliza mama yake. Rafiki alisema anataka habari yake isomwe, hasa mahali pa hesabu za sehemu. Mama alifikiri sana, akauliza ni nani watakaoisoma, akauliza kama inaweza kufutwa baadaye, nikamjibu kwa ukweli kwamba tunaweza kuifuta kwetu lakini hatuwezi kuifuta kwa aliyekwisha kuinakili. Akasema, "Basi isomwe hapa kwa wanaomjua, Mwalimu, huko nje mweke bila ya njia, bila ya jina, na bila ya kijiji." Ndivyo ilivyofanywa. Nakala yenye mchoro ilibaki katika daftari la mvulana, na iliyotoka nje ilibaki na urafiki wote.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo mambo ambayo watu wengi huyadhani kuwa ya sheria tu. Idhini ya mzazi ni lazima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa sote sababu ya kuitafuta kwa makini. Lakini idhini inayotiwa sahihi mwanzoni mwa mwaka, katika karatasi moja ya mambo yote, haimsaidii mtoto. Mama yule alielewa kwa sababu aliulizwa juu ya habari moja, akaonyeshwa yenyewe, na akaambiwa ukweli juu ya kisichoweza kurudishwa. Na mtoto naye aliulizwa. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na ibara ya 13 ya mkataba huo inampa mtoto haki ya kutoa mawazo yake, na ibara ya 16 inampa haki ya faragha yake. Zote mbili ni zake, wala moja haikuandikwa ili iimeze nyingine.

Yapo mambo ya vyombo vyenyewe ambayo mtu mzima hana budi kuyajua hata kama hayapendi. Simu nyingi, zisipokatazwa katika mipangilio yake, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huyaondoa maandishi hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati huenda nayo. Mitandao mingi mikubwa haimkubali mtoto aliye chini ya miaka 13, na chimbuko la umri huo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kukusanya taarifa za watoto wadogo bila ya idhini ya wazazi. Watoto wetu hulijua sharti hilo na hulikwepa kwa kutaja mwaka wa uongo. Nilimkuta kijana wa miaka 12 ambaye akaunti yake ilisema ana miaka 27. Akafurahi kwamba ameingia, asijue kwamba kwa uongo huo ameyavua mavazi yote ya kinga, maana Instagram, kwa mfano, tangu mwaka 2021 huzifanya akaunti mpya za vijana wadogo kuwa za faragha tangu mwanzo, ilhali mtu wa miaka 27 huachwa wazi mbele ya kila mpita njia. Nilipomweleza hivyo alifuta akaunti mwenyewe. Kukemea kusingefaa kitu.

Upande wa wajibu, yaani madhara ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuwafanyia wengine, nasema kwa ufupi, kwa sababu hapo watoto hufundishika kwa urahisi mkubwa. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mwenye duka fulani anapunja sukari aliambiwa na wenzake aende akapime, na kisha akamwulize mwenye duka. Alikwenda, akakuta mizani ina kasoro, na mwenye duka akairekebisha kabla habari haijatoka, nayo habari ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza habari za uongo na inaadhibu kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao, na ni vema watoto wa shule za juu waijue. Lakini wa darasa la sita huelewa vizuri zaidi wakitakiwa kulisoma andiko lao kwa sauti mbele ya yule waliyemwandika.

Wapo wazazi, na wapo walimu wenzangu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba njia ya salama ni kuwakataza watoto mtandao mpaka wakue. Naielewa hofu yao. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na ninaona hekima katika katazo hilo. Lakini katazo la shuleni halifiki nyumbani. Utafiti uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ukatolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 hutumia intaneti, na kwamba asilimia 4 ya watumiaji hao walikuwa wamepatwa na udhalilishaji wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu. Na ni wachache mno waliokwenda polisi au kupiga simu ya msaada. Sababu wanayonipa watoto wa Kaniha ni moja: wakisema, simu itachukuliwa. Mtoto anayejua kwamba kusema kutamletea adhabu atanyamaza, na aliyenyamaza yuko peke yake na yule aliyemwambia asiwaambie wazazi. Mwalimu wangu mkuu alilijua hilo zamani, naye hakuifunga safu ya marafiki wa kalamu kwa sababu ya barua moja mbaya.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wa Biharamulo na wa Ngara, na wazazi wenye simu ambazo watoto huzitumia, watufanyie jambo lililo ndani ya uwezo wao. Kila shule iwe na mtu mmoja mwenye dhamana, anayejulikana na watoto na anayependwa nao, ambaye akaunti ya maandishi ya watoto iko mikononi mwake, na majibu yote ya wasomaji hupita kwake kabla ya kumfikia mtoto. Andiko lililoletwa Jumatatu lisitoke kabla ya Ijumaa. Wazazi waitwe wakaonyeshwe picha moja moja, waulizwe. Na mtoto akija na jambo lililomtisha, asikilizwe mpaka mwisho kabla simu haijaguswa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, usiku na mchana, kwa mtandao wowote nchini; iandikeni ubaoni, mahali ambapo mtoto ataiona bila ya kumwuliza mtu.